Dola Inavyofika Garsen: Mafunzo Niliyopata Darasani na Dukani

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimefundisha uchumi katika shule za sekondari za huku Tana Delta, na tangu miaka ya themanini mke wangu nami tumekuwa na duka Garsen, si mbali na steji: mashine za maji, mipira yake, mbolea, mchele, sukari. Watu hudhani mwalimu wa uchumi akifungua duka, utajiri u njiani. Mimi nilipata hasara za kutosha kulitia somo langu aibu, na nyingi zilitokana na mambo ambayo asubuhi yake nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa hati safi.

Jambo lenyewe ni urari wa malipo, yaani hesabu ya fedha zote zinazoingia nchini na zinazotoka: chai na maua tunayouza, dizeli na mchele tunaonunua, pesa wanazotuma jamaa zetu walioko Ghuba na Marekani, mikopo tunayopewa na riba tunayoilipa. Kinachotoka kikizidi kinachoingia, ama tutakopa nje, ama akiba ya Benki Kuu italiwa, ama shilingi itashuka mpaka tushindwe kununua. Serikali hujaribu kuisimamia hesabu hii kwa njia mbili. Benki Kuu hupandisha au kushusha riba na kudhibiti wingi wa fedha. Hazina ya Taifa hutoza kodi, hutumia na kukopa. Mambo haya yakizungumzwa kwenye redio yanasikika kama ya Nairobi tu. Lakini bei ya dola hufika Garsen kabla ya basi la asubuhi.

Sina shaka kwamba wewe unayesoma unakusudia kufika mbali kuliko nilikofika. Basi chukua haya, uniache mimi na madaftari yangu ya wadeni.

1. Swali la dizeli

Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliwapeleka wanafunzi kuuona mradi wa umwagiliaji wa Bura. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Tana River: fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, walowezi kutoka kila pembe ya Kenya, pamba nyeupe pe hadi macho yanapokomea. Kule Nanigi mashine za dizeli zilikuwa zikivuta maji ya mto na kuyamwaga mferejini kwa mngurumo uliotulazimu tupige kelele ili tusikilizane. Mwanafunzi mmoja akamuuliza fundi, "Dizeli hii inatoka wapi?" Nikamkatiza. Nikamwambia aulize maswali ya somo.

Kumbe somo lilikuwa hilo hilo. Pamba ya Bura ilikusudiwa kulisha viwanda vya nguo na kuokoa fedha za kigeni. Mkopo ulipoingia, urari ulipendeza, maana dola zilikuwa zimekuja. Lakini dizeli iliagizwa kutoka nje, vipuri kutoka nje, dawa ya wadudu vivyo hivyo, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imeruka tangu 1979. Mpango ulikuwa hekta 6,700, zikalimwa kama 2,500. Muongo ule ukiisha, mashine zilikuwa zikizimika kila mara na pamba ikikauka na wenyewe wakiitazama.

Karibu zaidi na kwetu, kule Gamba, TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza mabonde ya Tana na Athi, ilijenga mashamba makubwa ya mpunga kwa mkopo wa Japani, na matuta ya kuyakinga na mto. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikayavunja. Maji yaliondoka na mifereji, deni la yeni likabaki pale pale.

Tangu hapo, nikisikia serikali imekopa nje kujenga kitu, huwa sishangilii wala silaani. Narudia swali la yule kijana. Mwaka wa kwanza kila mradi wa mkopo ni baraka katika urari. Utazame mwaka wa kumi, uone unaleta fedha za kigeni kiasi gani na wenyewe unakula kiasi gani.

2. Usiuze kwa bei uliyonunulia

Kabla ya 1993 serikali ndiyo iliyopanga bei ya dola. Mtu akitaka fedha za kigeni, hata za kwenda hija, alipitia benki yake na benki ikapitia Benki Kuu. Ubaoni nilikuwa nikifundisha nadharia ya Robert Mundell, yule Mkanada aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Nilieleza vizuri kwamba nchi haiwezi kuwa na mambo matatu kwa pamoja: bei ya dola isiyoyumba, fedha zinazoingia na kutoka bila kizuizi, na uhuru wa kupanga riba yake itakavyo. Lazima liachwe moja. Wanafunzi walinakili, nikafuta ubao, tukaenda kula.

Kisha likaja fundisho lenyewe. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, na fedha zikamwagwa nchini hata noti ya 500 ikapewa jina la Jirongo, mwanasiasa aliyekuwa kinara wa kampeni za vijana wa chama tawala cha KANU. Wakati huo huo Hazina ilikuwa ikilipa fidia kwa wauzaji wa nje ili walete dola, na kashfa ya Goldenberg ikatoka humo: fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo za kuuza. Mpango uliobuniwa kuutibu urari ndio ulioikausha Hazina.

Ambacho sikukitarajia ni jinsi mambo yale yalivyoingia dukani yakiwa na sura ya neema. Mwanzoni mwa 1993 wateja walijaa. Fedha zilikuwa nyingi mikononi, na wakulima wa kando ya mto wakawa wananunua mashine za maji kama peremende. Niliziuza zote kwa faida yangu ya kawaida juu ya bei niliyonunulia, nikarudi nyumbani ninapiga mluzi. Nilipokwenda Mombasa kuagiza nyingine, pesa za mashine nne zilinunua mbili. Dola iliyokuwa kama shilingi 36 mwisho wa 1992 ilifika 68 mwisho wa 1993, na mfumuko wa bei wa mwaka huo ulikuwa karibu asilimia 46. Kumbe kwa miezi yote ile sikuwa nauza mashine. Nilikuwa nazigawa.

Fedha zikizidi bidhaa hutafuta pa kwenda. Nyingine hupandisha bei hapa hapa, nyingine hukimbilia dola ili zikanunue cha nje. Bei ya dola ikishikiliwa kwa nguvu, akiba hukauka, na ikiachiliwa, shilingi hudondoka. Kwa mwenye duka la bidhaa za nje, gharama ya mashine ni ile atakayolipa ili aweke nyingine mahali pake. Ile aliyolipa zamani ni historia.

3. Shilingi nayo hupanda

Baada ya kichapo hicho nikajiona mjuzi. Nilikopa kwa jamaa, nikajaza stoo mashine na mipira kwa bei ya juu ya 1993, nikingoja dola ifike 100.

Sikuzitilia maanani dhamana za serikali. Katikati ya 1993 riba ya zile za muda mfupi ilipita asilimia 70. Gavana mpya wa Benki Kuu, Micah Cheserem, alikuwa akizifyonza fedha zilizomwagwa mwaka wa uchaguzi, na vizuizi vya fedha za kigeni vilikuwa vinaondolewa. Mwenye dola London au Dubai akiona riba ya namna hiyo huleta dola zake, hununua shilingi, huikopesha serikali na kuketi. Mwisho wa 1994 dola ilikuwa kama shilingi 45. Wenzangu wa Malindi wakaleta mashine mpya kwa bei nafuu, zangu zikabaki stoo zikipigwa vumbi. Mke wangu alizipa jina la madaftari ya Mwalimu.

Ungedhani mtu hukosea hivi mara moja tu. Januari 2024 dola ilipopita 160, binti yangu aliyeko Doha alitaka kutuma pesa za kuezeka nyumba. Mshahara wake ni wa riyali, na riyali ya Qatar imefungwa kwenye dola kwa 3.64, kwa hiyo kila shilingi iliposhuka yeye alifaidika. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama. Itafika 170."

Februari ya mwaka huo huo mambo matatu yakaja kwa mkupuo. Serikali ilipata dola bilioni 1.5 kwa hati mpya ya deni, ikaanza kununua mapema ile Yurobondi ya 2014, hati ya deni la nje la dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni, deni ambalo kila mtu alihofu litamaliza akiba. Hati fungani ya miundombinu ikatoka na riba ya zaidi ya asilimia 18. Benki Kuu chini ya Kamau Thugge ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Hofu ikaisha, waliokuwa wameficha dola wakazitoa, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Binti yangu hakunilaumu. Alitaka tu kujua kama somo hilo nililifundisha kwa miaka mingi.

Lakini tazama gharama yake. Yurobondi ya zamani ililipiwa riba ya asilimia 6.875. Mpya ni asilimia 9.75. Shilingi iliokolewa leo kwa deni ghali litakalolipwa kwa dola kesho, na riba hiyo itatoka katika urari ule ule.

4. Embe haliuziki kwa sababu shilingi imeshuka

Vitabu vinasema sarafu ikishuka, bidhaa zetu huwa rahisi kwa mgeni, tunauza zaidi, urari unajirekebisha. Niliamini hivyo kiasi cha kuwatangazia watu. Shilingi ilipokuwa ikidondoka mwaka 2015, nilisimama kwenye baraza la wakulima huko kando ya mto na kuwaambia mwaka huu embe lao litakimbiliwa. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, embe zake aina ya ngowe zikiwa zimepangwa kwenye gunia chini ya kivuli, akasema, "Mwalimu, dalali kaja jana. Bei yake ni ile ile ya mwaka juzi. Nawe zako utalipa ngapi?"

Nilinunua gunia zima kwa haya.

Dola ilikuwa imetoka kama 87 katikati ya 2014 na kufika karibu 105. Lakini mwaka 2014 huo huo Kenya yenyewe ilikuwa imesimamisha kupeleka embe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021. Embe lililopigwa na nzi halipandi ndege hata shilingi ikawa maji. Miaka michache kabla ya hapo wafugaji wa Kiorma na Wardei walikuwa wameonja jambo kama hilo. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006, soko la mifugo likafungwa, na ng'ombe wazima wa Garsen hawakuweza kwenda popote. Hakuna riba ya Benki Kuu inayochanja ng'ombe.

Kwa upande wa manunuzi, hali huwa kinyume kabisa. Dola ikipanda, dizeli haiachi kununuliwa wiki hiyo, dawa haziachi kununuliwa, mbolea haiachi. Tunanunua karibu kiasi kile kile kwa shilingi nyingi zaidi. Kwa hiyo miezi ya kwanza baada ya shilingi kushuka hesabu huharibika kabla ya kutengenea, na kutengenea kwenyewe hutegemea kama kuna cha kuuza kinachokubalika. Hapo fedha za Hazina zina kazi kuliko maneno ya Benki Kuu: mitego ya nzi, chanjo, barabara, maabara ya kukagua. Ukiniuliza mimi, mtego wa nzi ni sera ya urari wa malipo.

5. Benki Kuu na Hazina wakivutana, barua huja kwako

Mwaka 2011 ulikuwa wa ukame, na mafuta yalikuwa ghali. Benki Kuu ilikuwa imeanza mwaka na riba ya chini mno, fedha zilikuwa rahisi, na shilingi ikateremka kutoka kama 80 hadi 107 kwa dola mwezi Oktoba. Hapo ndipo dawa ilipokuja yote kwa mara moja: riba ya Benki Kuu ikatoka asilimia 7 Septemba, ikawa 11, ikawa 16.5, na Desemba ikafika 18. Mfumuko wa bei ulikuwa umekaribia asilimia 20.

Asubuhi moja nilieleza Kidato cha Nne kwa nini uamuzi huo ulikuwa wa busara. Nilichora mishale: riba juu, mikopo chini, manunuzi ya nje chini, dola za wawekezaji zaja, shilingi yasimama. Alasiri nikapokea barua ya benki niliyokopa. Riba ya mkopo wa duka imerekebishwa, sasa ni zaidi ya asilimia 20. Ile "mikopo chini" niliyoiandika ubaoni ilikuwa mimi.

Shilingi ilirudi vizuri kabla mwaka mpya haujatulia. Duka lilichukua muda mrefu zaidi.

Sina ugomvi na dawa ile. Ninalolalamikia ni kuchelewa kwake, na kwamba mara nyingi Benki Kuu huvuta huku na Hazina kule. Miaka iliyofuata serikali ilikopa na kujenga kwa kasi: reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi kwa mikopo ya China, barabara, umeme. Chuma, vichwa vya treni na lami vilinunuliwa kwa dola, na mwaka 2014 pengo letu katika biashara na malipo ya nje lilikuwa karibu asilimia 10 ya pato la taifa. Lami ya kwenda Lamu nimeifurahia kama mtu yeyote. Lakini Hazina inapotumia kuliko inavyokusanya, tofauti hiyo huishia ama katika manunuzi ya nje au katika mikopo, na Benki Kuu hubaki peke yake kuilinda shilingi kwa riba. Serikali nayo ikikopa hapa nchini kwa asilimia 16 au 18, benki gani itahangaika na muuza mipira wa Garsen?

Njia ya kodi nayo tumeiona. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Kweli watu walipunguza safari, na hilo hupunguza dola zinazotoka. Boda boda hapa stejini walikuwa wakilala juu ya pikipiki zao mchana. Mwaka uliofuata Mswada wa Fedha ulipoleta kodi zaidi, vijana waliingia barabarani na ukaondolewa. Kila mtu anataka urari mzuri ila asiwe yeye wa kujifunga mkanda, na mimi ni wa kwanza katika foleni hiyo.

6. Ushuru ukiondolewa, angalia shamba la jirani

Hili ni fupi. Mwanzoni mwa 2023, baada ya ukame mkali, serikali iliruhusu mchele na mahindi mengi kuingizwa bila ushuru. Kwa tumbo lenye njaa ni sawa. Nami nilifurahi kama muuza mchele, maana mchele wa Pakistan kwangu unauzika haraka. Lakini dola zilikuwa haba wakati huo huo, na kila gunia lilihitaji dola. Wakulima wa mpunga wa delta hii, ambao gunia lao halidai dola hata moja, waliletewa mshindani aliyepunguziwa mzigo. Nilikuwa nikipokea magunia mlangoni huku mkulima akisubiri nimalize ili aniulize kama nitachukua lake.

7. Jua deni ni la sarafu gani

Mwaka jana alinijia kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu. Anataka kukausha embe na kuziuza kwenye hoteli za Malindi na Watamu. Alikuwa na karatasi ya bei ya mashine ya kukaushia kutoka nje, malipo kwa dola, kwa awamu za miaka miwili. Hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko zangu zote, ila ilichukulia kwamba dola itakaa pale pale ilipokaa tangu Agosti 2024, karibu 129.

"Sasa Mwalimu," akasema, "itapanda au itashuka?"

Nikamwambia nimewahi kubashiri pande zote mbili na nikapigwa kote kote. Nikamwonyesha kitu kingine: hoteli zitamlipa kwa shilingi, mashine inadaiwa kwa dola. Kosa kama hilo likifanywa na nchi nzima huitwa tatizo la urari wa malipo. Ama atafute kwanza mnunuzi atakayelipa dola, ama aanze na kikausho cha jua cha mbao na nailoni ambacho fundi wa Malindi anaweza kumtengenezea, kwa mkopo wa shilingi. Tena Benki Kuu ilikuwa imeanza kushusha riba yake, ingawa nilimtahadharisha kwamba za benki zetu hushuka kwa kujikokota.

Alikunja karatasi yake, akaenda kwa fundi. Fundi amemwomba arubuni, na kijana ananiuliza kama mwenye duka anaweza kumkopesha misumari na nailoni hadi msimu uishe. Mke wangu ndiye ataamua. Siku hizi funguo za stoo anazo yeye.